"Mawazo mengi" ni depression au siyo? Ndugu zetu Wakongo huku Marekani wanaumwa kwa wingi kiasi gani, na nani anawahesabu?

Mkalimani_wa_Zamu

Habari za saa hizi wadau. Uzi utakuwa mrefu kidogo, kama huna muda pita tu.

Mimi ni mtu wa Kigoma, huku Kentucky huu mwaka wa saba, kazi yangu ni ukalimani wa hospitali, Kiswahili na Kiingereza, siku nyingi kwa simu na siku mbili kwa wiki naenda mwenyewe nakaa na mgonjwa chumbani. Karibu wote ninaowatafsiria ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, Wabembe, Wafuliru, Banyamulenge, watu waliokaa Nyarugusu pale kwetu Kasulu miaka kumi, miaka ishirini, wengine wamezaliwa palepale kambini, halafu wakaletwa huku hasa baada ya Marekani kusema itachukua Wakongo elfu 50.

Sasa juzi daktari mmoja kijana, mtu mzuri tu hana neno, tumemaliza mgonjwa akanigeukia akaniuliza, hivi kwenye jamii yenu depression ni nyingi sana? Nikakosa jibu. Kwanza siyo jamii yangu, ila kwake yeye wote tunaongea Kiswahili basi sisi ni kabila moja 😂. Pili nimekaa kwenye hivyo vyumba miaka yote hii na bado sijui. Kuna wiki naona kila mtu anaumwa, na kuna wiki naona ile karatasi ya maswali wanayopewa wagonjwa ndo inaumwa.

Niwape mfano, nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asijulikane. Mama wa makamo, amefika nchini hana hata miezi miwili, amekuja kwenye ule uchunguzi wa afya wa wageni. Kuna fomu inaitwa RHS-15, imetengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, na ya Kiswahili ipo. Ina maswali kama maumivu ya misuli na mifupa, huzuni, mawazo mengi kupita kiasi, kushtuka bila sababu, kulia ovyo. Kila jibu lina picha ya chupa, ya kwanza tupu, inaendelea kujaa mpaka ya mwisho imejaa tele, kwa ajili ya asiyejua kusoma. Mama kila swali anaweka kidole kwenye chupa iliyojaa. Kila swali! Nesi kashaanza kuangalia mlango amuite mtu. Nikaomba ruhusa niulize, nikamwambia mama, hii chupa iliyojaa unaionaje? Akasema "si ndo nzuri, iliyojaa, wewe ungechagua ya nusu?"

Mtu kapanga foleni ya ration na kopo mkononi miaka kumi na nane. Chupa tupu kwake ni nini? Tukaanza upya kwa maneno, huzuni akasema hapana, kulia hapana, ila kufika kwenye mawazo mengi akanyamaza, akatazama chini, akasema "ayo iko."

Basi nikabaki na hilo. Nikiuliza "huzuni" naambiwa hapana, nikiuliza "mawazo" naambiwa ndiyo. Na kuna siku mwanzoni kabisa nilijifanya msomi nikamwambia mzee mmoja daktari anahisi una *sonona*, yaani depression kwa Kiswahili cha vitabuni. Mzee akanikazia macho, "sonona? Njo ugonjwa gani, ya kuku?" Nikajua hapa nimekuja na Kiswahili cha taarifa ya habari.

Nyie mnaoishi na hawa ndugu, au nyie wenyewe, mnasemaje?

---

kichwangumu

Mkuu mimi ntakuwa mkweli. Hayo ni magonjwa ya kizungu. Mtu kakimbia vita kalala porini kala majani hakupata depression, kaja kupewa nyumba yenye hita na friji ndo anapata? Bibi yangu kazika watoto wanne na alikuwa analima mpaka siku ya mwisho. Huku kila kitu wanakipa jina wakuuzie dawa.

---

NesiDada

Kichwangumu ngoja nikupe nusu ya haki yako halafu nikunyang'anye.

Nipo Ohio, nesi wa kliniki ya kawaida, Mtanzania. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2007, walihesabu depression kubwa, yaani mtu aliyewahi kuipata maishani mwake, wakalinganisha. Wazungu asilimia 17.9, weusi wenye asili ya Karibi 12.9, Wamarekani weusi 10.4. Umeona? Weusi wachache. Hapo ungeishia ungesema nimeshinda. Ila wakauliza na swali la pili, ukishaipata inakaa? Kwa wazungu ilikuwa sugu kwa asilimia 39 hivi, kwa weusi wote 56. Na matibabu, Wamarekani weusi waliokuwa nayo chini ya nusu ndo walipata tiba yoyote, wale wa Karibi hata robo hawakufika. Kwa hiyo inabisha hodi kwenye nyumba chache ila ikiingia inavua viatu inakaa.

Hao siyo wakimbizi, najua, nimeleta kukuonyesha tu kwamba "wangapi" na "kwa ukali gani" ni maswali mawili tofauti. Na bibi yako hakuna aliyemuuliza. Kulima siyo kipimo, mimi nna wagonjwa wanaingia shifti ya masaa kumi na mbili kila siku na wanaumwa.

---

Mutoto_wa_Baraka

Nasalimia bote. Miye niko Mubembe, nilizaliwa Fizi nikakulia Nyarugusu zone ya Wakongo, sasa niko huku na wazazi. Mukalimani asante kwa kuandika hii, ile ya chupa nimecheka lakini ni kweli kabisa.

Sisi hatuna neno depression. Mutu anasema niko na mawazo mingi. Ao anasema kichwa inawaka moto, ao roho inaniuma, ao mwili yote haina nguvu. Kama unamuuliza uko na huzuni, kwetu huzuni ni ya msiba, ni kitu inakuja na watu wanakuja kukaa na wewe, inaisha. Sasa mutu akisema ndiyo niko na huzuni, wataniuliza nani amekufa?

Baba yangu alikuwa mwalimu kule kwetu. Huku anafanya kazi ya kukata kuku usiku. Anamaliza kazi saa kumi na mbili asubui, anafika hapa kwenye parking, halafu anazima gari na anabaki mule ndani. Nusu saa, wakati ingine saa nzima. Hasikilizi radio, haongei simu. Mama anamuangalia kwenye dirisha na hatoki kumuita. Akiingia anasema "barabara ilikuwa na magari mingi" na sisi wote tumeona gari. Nilimupeleka kwa daktari wa mugongo mara tatu. Mugongo hauna kitu. Muko na jina gani ya hii?

---

Mkalimani_wa_Zamu

Mutoto_wa_Baraka, mdogo wangu, nimesoma hiyo ya parking mara mbili. Pole. Mzee tupe salamu.

Na umegusa kitu. Wengi naowatafsiria hawajaja kwa "akili", wamekuja mgongo, kichwa, tumbo linawaka, moyo unapiga mbio. Daktari anapima, anaona hamna kitu, anaandika hamna kitu. Kwenye hesabu ya hospitali huyo kaingia safu ya mgongo. Ukija kuuliza Wakongo wangapi wana depression huyo hayumo.

---

Inyange_wa_Minembwe

Mimi ni Munyamulenge. Nitasema tofauti kidogo na musikasirike.

Kila mwaka tarehe 13 Agosti sisi tunakutana kukumbuka Gatumba, ile kambi ya Burundi walichinja watu wetu usiku mwaka 2004, zaidi ya 150, wengi watoto na wamama. Walionusurika wengi wako hapa Marekani. Siku ile tunasoma majina moja moja. Wanaume wazima wanalia. Wiki nzima kabla ya hapo mama yangu halali na chakula kinarudi kwenye sahani.

Sasa ukituletea fomu yako wiki ile tutafaulu wote kwa alama za juu. Utaenda kuandika asilimia mia ya Banyamulenge wana depression. Ni ugonjwa ule, ao ni kilio? Mutu ambaye halii siku ile njo mimi ningemuogopa.

Sikatai kama wagonjwa wako. Wako, na mmoja tumemupoteza hapa katika mji wetu na watu hawasemi kilichomuua. Lakini nimechoka kusikia "community iliyojeruhiwa", kila mahali tunaenda tunaitwa hivyo, hata shuleni mwalimu anaongea na mutoto wangu kwa sauti ya mugonjwa.

---

NesiDada

Dada Inyange hapana hujakosea popote, na pole kwa mliyempoteza.

Fomu zote hizi ni kichujio tu. Hiyo RHS-15 ukifikisha alama 12 kwenye maswali 14 ya kwanza, au 5 kwenye kile kipimo cha mwisho kilichochorwa kama themometa, maana yake ukaonane na mtu mkae muongee, siyo kwamba umeshapewa ugonjwa. Shida watu wanachukua namba ya kichujio wanaitangaza kama namba ya wagonjwa.

Na ngoja niwaonyeshe kitu kwenye ile nyingine, PHQ-9, ambayo kliniki karibu zote wanatumia. Maswali tisa, kila moja 0 mpaka 3, ukifika 10 taa inawaka. Swali moja usingizi, moja uchovu, moja hamu ya kula. Mchukue baba yake Mutoto_wa_Baraka, weka huzuni pembeni, mtu anakata kuku usiku analala mchana watoto wanapiga kelele. Usingizi 3. Uchovu 3. Kula, nani ana hamu ya kula kuku pale, 3. Tayari 9! Bado alama moja na hajaulizwa chochote kuhusu moyo wake. Kwa hiyo fomu ileile inaweza kumkosa mama wa chupa na ikamdaka mtu ambaye anachohitaji ni shifti ya mchana.

Sisemi baba ni uchovu tu, mdogo wangu, hiyo ya kukaa kwenye gari mimi ingenipa wasiwasi. Nasema namba.

---

Omosh_wa_Mpls

Niaje watu wangu. Mkenya hapa Minneapolis. Kabla nikuje huku nilifanya na NGO kwa ile kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, miaka mitatu, so acha niongeze tu.

Wasomali pale walikuwa na neno yao, *buufis*. Inatoka kwa kitu kama kupuliza, kujaza hewa. Hiyo buufis ni ile hamu ya kwenda ng'ambo, resettlement, mpaka inakushika kama ugonjwa. Msee amefanyiwa interview, anangoja jina lake kwa ubao, anangoja mwaka, anangoja miaka tano, hafanyi kitu ingine, haoi, hajengi, yaani mwili iko Dadaab na roho iko Ohio. Wengine walipatikana wameharibika kabisa kichwa. Na kila mtu kambini alijua nani ako na buufis, hata mtoto angekuonyesha, lakini kwa ripoti yetu ya kizungu hakukuwa na sanduku ya kuweka tick.

Sasa kitu inanichekesha na kunihuzunisha, hawa wakifika huku inageuka upande ingine. Mwili iko Minnesota, roho iko kwa mamake amebaki kambini. Na tangu Januari 2025 hiyo programu ya wakimbizi ilivyosimamishwa, watu walikuwa na familia imeshapangiwa ndege, wameuza mpaka sufuria, wakaambiwa rudini. Hao ndio nawaona sai wakizunguka mall bila kununua kitu.

---

kichwangumu

Sawa nimesikia, ya chupa na ya kuku nimeelewa. Lakini mnakwepa swali la mwenye uzi. Ameuliza wangapi. Namba iko wapi? Nyie wasomi kila siku "utafiti unaonyesha", haya semeni.

---

NesiDada

Namba zipo tena nyingi ndo shida yake.

2005 walikusanya tafiti ishirini za wakimbizi waliohamia nchi za magharibi, watu karibu elfu saba, wakapata depression kubwa ni kama mtu mmoja kwa ishirini. 2020 wengine wakakusanya tafiti 26 za wakimbizi na waomba hifadhi wakapata karibu mmoja kwa watatu. Katikati hapo, 2015, wengine wakaangalia wakimbizi wa vita waliokaa ugenini miaka mingi, depression ilianzia asilimia 2.3 mpaka 80 kutegemea umesoma utafiti gani. Mbili mpaka themanini! Hiyo siyo namba hiyo ni bahati nasibu.

Kwa watu wanaoishi kwenye nchi zenye vita WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe wanasema kama mmoja kwa watano ana tatizo fulani la akili, siyo depression peke yake.

Kabila moja dogo nalolijua wamehesabiwa vizuri huku ni Wabhutan, wale wenye asili ya Nepal waliofukuzwa Bhutan wakakaa kambi za Nepal miaka karibu ishirini. Serikali ililazimika kuwahesabu kwa sababu walikuwa wanajiua, watu 16 kati ya Februari 2009 na Februari 2012, kiwango cha 20.3 kwa kila watu laki moja wakati Marekani nzima ilikuwa 12.4. Wakachagua watu wakawahoji, depression asilimia 21. Na waliokuwa hatarini siyo wale tu waliopata mateso ya zamani. Kukosa kazi, kutokuwa mtu anayetegemewa na familia tena, kujiona huna msaada, ndo yalijitokeza.

Kwa Wakongo, yaani Wabembe wangapi, Wafuliru wangapi, siwezi kukupa namba nikakuangalia usoni.

---

Mutoto_wa_Baraka

Hiyo ya kutegemewa nimeielewa sana dada Nesi. Kule kambini baba hakuwa na kitu lakini watu walikuja nyumbani kumuuliza mambo. Hata mambo ya mahari. Huku mimi njo nasoma barua. Mimi njo naongea na mwenye nyumba. Tikiti ya ndege ya familia, ule mukopo wa IOM, lile shirika la uhamiaji, unajua wanatudai tulipe tukifika, mimi njo nilipiga simu kuomba watupunguzie kwa mwezi. Baba alikuwa anakaa pembeni anasikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

---

Mchunga_Kondoo

Bwana asifiwe. Mimi ni mtumishi, kanisa letu lina Wakongo wengi. Naomba niseme kwa unyenyekevu kwamba zamani mtu akiniletea mawazo mengi nilifunga na kuomba naye siku tatu na kama hakupona nilisema kuna mlango umeacha wazi. Nilikosea kwa wengine. Siku hizi naomba naye halafu namuendesha kliniki mimi mwenyewe kwa gari langu, maana peke yake hataenda.

Ila na nyinyi wa hospitali mjue, mtu akisema "ni afadhali Mungu anichukue" mara nyingine ni sala ya mtu mchovu na mara nyingine anaaga. Niko kwenye huduma miaka mingi na bado inabidi niulize mara ya pili.

---

Mkalimani_wa_Zamu

Mtumishi umeniotea. Hilo ndo linaninyima usingizi mimi.

PHQ-9 swali la tisa ni la kutamani kufa au kujidhuru. Mgonjwa ananiambia "Mungu tu angenipumzisha." Mimi sheria ya kazi yangu natafsiri alichosema, siongezi sipunguzi. Nikitafsiri kavukavu kwa Kiingereza, daktari anaruka kwenye kiti, mlango unafungwa, anatafutwa mtu wa kukaa naye. Nikitafsiri laini na kumbe alikuwa anaaga? Nilichojifunza ni kusema neno kwa neno halafu namwambia daktari, mkalimani anaomba kufafanua, kwetu maneno haya yana maana mbili, naomba umuulize yeye mwenyewe ni ipi. Daktari mzuri anauliza. Asiye mzuri anatazama saa.

---

kichwangumu

Swali la kweli safari hii siyo ubishi. Mtu akijibu ndiyo kwenye hizo fomu, si ndo mwanzo wa kunyang'anywa watoto? Shemeji yangu alijifungua huku, akaulizwa hayo maswali baada ya wiki kadhaa, akajibu zote sifuri. Usiku alikuwa anakaa jikoni taa imezimwa. Niliona mwenyewe nilipoenda kunywa maji. Alituambia akisema ukweli wataandika yeye ni chizi na mtoto atapelekwa kwa wazungu.

---

NesiDada

Kichwangumu, asante kwa kuleta hilo, maana hiyo hofu ndo inajaza hizo sifuri, kwa Wakongo, kwa Watanzania, kwa kila mtu.

Jibu fupi ni hapana, kuwa na depression au kumeza dawa yake siyo sababu ya kuchukuliwa mtoto. Wanachoangalia ni kama mtoto yuko hatarini. Mama aliyejifungua halafu akawa hivyo ni wengi mno, tunaona kila wiki, na wanapona. Shemeji yako yukoje sasa? Kama bado anakaa gizani usingoje apointimenti, mtu anaweza kupiga 988, namba ya Marekani ya msaada wa haraka kwa aliyezidiwa na mawazo, saa yoyote, akitaja tu "Swahili" kwa Kiingereza wanamtafutia mkalimani kwenye laini.

---

kichwangumu

Mtoto ana miaka miwili sasa. Anacheka siku hizi. Ila jikoni bado hawashi taa. Ntaongea na mke wangu kwanza, mimi siwezi kumuanza shemeji kwa habari hizo.

---

Omosh_wa_Mpls

Zimbabwe wana ile kitu ya benchi, Friendship Bench, mnaijua? Mabibi wa mtaa wamefunzwa, wanakaa na wewe kwa benchi nje ya kliniki. Na hawaulizi depression, wanatumia neno yao ya Kishona *kufungisisa*, yaani kufikiria sana. Mawazo mengi, neno kwa neno! Walipima 2016 Harare, watu zaidi ya mia tano, baada ya miezi sita waliokaa kwa benchi ni kama asilimia 14 tu walikuwa bado na dalili za depression, wale wengine nusu. Hapa kwa Wakongo mabibi ni wengi na kazi hawana. Nasema tu.

---

Inyange_wa_Minembwe

Mabibi wetu hawatakaa kwenye benchi nje, huku ni baridi 😄 lakini wakae jikoni. Jikoni njo tunasemea yote.

---

Mkalimani_wa_Zamu

Mrejesho kidogo. Jana nilikuwa na yule daktari kijana tena. Nikamwambia swali lako la siku ile sina namba, ila kabla hujauliza huzuni, uliza mawazo, na uliza saa ngapi ya usiku yanakuja. Akaandika kwenye mkono kwa peni. Mgonjwa wa pili, mzee mmoja, tumemaliza presha na sukari, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, mimi nikatafsiri, mzee mawazo yanakuja saa ngapi. Mzee hakusema "hapana". Alivua kofia akaiweka kwenye goti akasema "saa tisa. Kuanzia saa tisa."

Apointimenti ilikuwa ya dakika ishirini, tulitoka baada ya saa nzima na wa nyuma walinuna.

Mutoto_wa_Baraka nimekutumia ujumbe faragha, angalia.

---

Mutoto_wa_Baraka

Nimeiona yaya. Leo asubui nilitoka na chai mbili nikaingia kwenye gari upande wa pili. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Alikunywa yote.